Sanamu ya bustani ya mtaa imepasuka: tuipige lipu upya, tuibandike vigae au tuivunje?

SWALI: Bustani ya mtaa wetu hapa Dodoma ina sanamu ya saruji ya mama wa Kigogo aliyebana ng'oma ya muheme mapajani, mkono wa kushoto ameuinua. Ina urefu wa kama mita 1.8, juu ya kitako cha zege cha sentimita 60 kwenda juu na mita 1.2 kila upande. Ina miaka sita. Mgongoni imejaa nyufa nyembamba kama wavu. Mguu wa kulia una ufa mrefu ulionyooka unaotoa kutu. Kwenye kifundo cha mkono ulioinuliwa chuma kinaonekana. Kitako kimepasuka kwenye pembe ya upande wa maua, na chini kuna unga mweupe unaorudi kila tukiufuta. Rangi ya dhahabu inabanduka. Kamati imegawanyika: wengine wanataka lipu mpya, wengine vigae, wengine wanasema ivunjwe. Fundi tuliyemwita anasema mifuko minne ya saruji inamaliza kazi. Tufanye nini? — Katibu wa kamati ya bustani

JIBU: Ndugu Katibu, kwanza mzuieni fundi asipige lipu. Lipu mpya juu ya sanamu inayotoa kutu ni kama kufunga bendeji juu ya jipu: mwaka wa kwanza inapendeza, mwaka wa pili inavimba, wa tatu inaanguka na kuondoka na kipande cha sanamu kilichokuwa kizima. Vigae ni vibaya zaidi, maana haviwezi kufuata mviringo wa bega wala mikunjo ya kaniki, na maji yakishapenya kwenye viungo vyake hayana njia ya kutokea. Kuhusu kuivunja, kwa dalili ulizotaja hamjafika huko, ila kuna kipimo kimoja cha mguuni kitakachoamua. Nitakieleza.

Ulivyovitaja havina chanzo kimoja. Nyufa za wavu mgongoni ni za kukauka haraka: lipu ilipigwa siku ya jua na upepo, ikapoteza maji kabla haijashika. Zinaudhi macho tu. Ufa ulionyooka mguuni ni habari nyingine kabisa. Ufa unaofuata mstari wa nondo na kutoa machozi ya kahawia unasema chuma cha ndani kinaoza, na kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Kifundo cha mkono kina ugonjwa huohuo, ila kimetangulia. Pembe ya kitako ni suala la udongo. Unga mweupe ni chumvi, nao ndio unaoniambia mengi kuhusu hayo mengine.

Zege lenyewe humlinda nondo. Saruji iliyoshika ina ualikali mkali (kinyume cha uasidi), pH, yaani kipimo chake, ya 12.5 hadi 13, na ndani ya hali hiyo chuma hujifunika utando mwembamba usioruhusu kutu. Kinga hiyo inavunjwa na vitu viwili. Kwanza ni hewa: kaboni dayoksaidi inapenya polepole kutoka nje na kushusha pH hadi karibu 9, na pale inapomfikia nondo kinga imekwisha. Kwenye boriti ya nyumba yenye zege la sentimita 3 juu ya nondo hilo huchukua miongo, ila kwenye kidole cha sanamu chenye milimita 5 za saruji ni miaka michache tu. Pili ni chumvi, ambayo haingoji pH ishuke. Inatoboa utando huo hata ndani ya zege zima.

Dodoma ina visima vingi vyenye maji ya chumvichumvi. Kama sanamu ilikandwa kwa maji hayo, chumvi imo ndani tangu siku ya kwanza. Kama maua yanamwagiliwa kwa maji hayo, kitako kinayanyonya kama utambi wa kibatari. Maji yanatoka kwa jua, chumvi inabaki, na kesho inaongezeka nyingine. Ndiyo maana unga unarudi. Mkiufuta kwa kitambaa chenye maji mnauyeyusha na kuurudisha ndani. Usugueni mkavu kwa brashi ngumu ya plastiki, ukingeni kwenye beleshi na kuutupa mbali na bustani.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni uchunguzi. Unahitaji asubuhi mbili na nyundo ndogo ya gramu 200 hivi. Gongeni sanamu yote taratibu, kila sentimita tano, kuanzia kichwani. Palipo pazima hulia kwa mkato, kama jiwe. Palipoachana hulia kama kopo tupu. Zungushieni chaki kila panapolia kopo na mpige picha pande zote nane. Picha hizo zitunzeni, maana siku moja zitahitajika kurudisha umbo.

Jioni ya siku hiyo mwagieni ndoo mbili za maji ya bomba kuanzia kichwani kwenda chini, kisha rudini kesho yake saa 3 asubuhi. Sehemu nyingi zitakuwa zimekauka. Zile ambazo bado ni nyeusi kwa unyevu ndizo maji yanapoingia au kutuama. Nitashangaa kama uso wa ng'oma hautakuwa miongoni mwake. Mchongaji huchonga ngozi ya ng'oma bapa au yenye kishimo kidogo kwa sababu ndivyo ng'oma ilivyo, na kishimo hicho kinakuwa bakuli juu ya mapaja. Mikunjo ya kaniki mapajani nayo huwa hivyo.

Kipimo cha tatu kinahitaji mwalimu wa kemia. Shule nyingi za sekondari zina kiashiria cha fenolfitaleini; ombeni mililita 20 za myeyusho wa asilimia 1 katika spiriti. Vunjeni kipande kipya mguuni kando ya ufa, pulizeni vumbi, kisha dondosheni matone hapohapo kwenye jeraha jipya. Zege lenye kinga bado linageuka waridi kali. Lililoishiwa kinga halibadiliki rangi. Pimeni kwa rula: kutoka uso wa nje hadi rangi inapoanzia ni milimita ngapi, na nondo yuko milimita ngapi? Wengi hukosea kusoma matokeo. Kama zege linalomgusa nondo ni waridi lakini nondo ana kutu, msifurahi, kwa sababu hapo hewa haijafika, aliyefanya kazi ni chumvi. Kama halina rangi, ni hewa, na hiyo ni afadhali, maana tiba yake inadumu. Kiashiria hicho kisishikwe na watoto, na spiriti inawaka.

Sasa kile kipimo cha kuamua. Hapohapo mguuni, chongeni hadi mwone nondo mzima, msugueni kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe kionekane, mkampime kwa kalipa, kile chombo cha kupimia unene, pale alipoliwa zaidi. Nondo wa milimita 12 aliyebaki 9 kwa macho amepungua robo, lakini ukikokotoa eneo lake ameshuka kutoka milimita za mraba 113 hadi 64, yaani amepoteza asilimia 44 ya nguvu. Nondo za miguu yote miwili zikiwa hivyo, sanamu isisimame mahali watoto wanapocheza hadi iongezewe chuma kipya. Ikiwa ni mguu mmoja, na nondo amebaki milimita 10.5 au zaidi, rekebisheni kwa amani.

Wapo watakaosema sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927, mbona yetu miaka sita tu? Ile aliichonga James Alexander Stevenson na ikamiminwa Uingereza kwa shaba iliyochanganywa na bati. Haina nondo wa kuoza kwa namna hii. Lakini msidhani saruji juu ya wavu wa chuma ni kitu dhaifu kwa asili yake. Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua kwa namna hiyo mwaka 1848, na bado ipo. Tofauti ni ubora wa saruji na unene wake juu ya chuma.

Tiba ianzie chini, kwenye maji. Mkitengeneza mkono kabla ya kutoa maji kwenye kitako mmepoteza hela. Hamisheni maua angalau mita moja na nusu kutoka kitako. Mkitaka kitu cha kijani karibu, wekeni mshubiri au mkonge, ambavyo havihitaji kumwagiliwa kila siku. Kisha chimbeni kando ya pembe iliyopasuka hadi chini ya msingi muone udongo. Ukiwa mwekundu wa kichanga, pembe imeshuka kwa sababu maji ya maua yamelainisha upande mmoja, na maji yakiondolewa itatulia. Ukiwa mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, basi unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na kitako kinapanda na kushuka nao.

Kwa hali zote mbili zungushieni kitako sakafu ya zege ya upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7.5, ikiinama kwenda nje sentimita 1.5 ndani ya upana huo. Eneo lake ni mita za mraba 4.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mtahitaji mifuko miwili ya saruji, ndoo 7 za lita 20 za mchanga na ndoo 14 za kokoto. Chini yake tandazeni nailoni nzito ya msingi. Jambo moja mafundi hulisahau: sakafu hiyo isishikane na kitako. Acheni nafasi ya milimita 10 muijaze lami au gundi laini ya viungo, vinginevyo sakafu ikicheza na udongo itakwenda na kitako. Kazi ya sakafu hii kwenye mfinyanzi mweusi ni kuufanya udongo wa chini ubaki na unyevu uleule mwaka mzima, hivyo uache kucheza.

Ufa wa kitako msiuzibe bado. Bandikeni juu yake vipande viwili vya jasi, kila kimoja urefu wa sentimita 10 na unene wa milimita 5, muandike tarehe kwa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa. Mvua za Dodoma zikianza Desemba na kuisha Aprili, jasi ikiwa nzima ufa umelala, uzibeni. Ikikatika, bado unatembea, na kuuziba ni kuuhamishia pembeni.

Kabla ya kuacha kitako, angalieni kama kuna njia za mchwa, yale mafereji ya udongo yanayopanda. Sanamu nyingi za mtaani zimejengwa juu ya kiunzi cha mbao, kisha wavu wa kuku na saruji. Mchwa wakishakula mbao, ndani panabaki mtungi. Mkisikia mlio mtupu tumboni kote, toboeni tundu la milimita 12 sehemu ya chini kabisa ya uwazi huo, upande wa nyuma. Maji yakitoka, acheni tundu wazi moja kwa moja.

Sasa mguu. Kateni kwa grinda mstari wa mstatili kuzunguka eneo lililoathirika, kina cha milimita 8, ili kiraka kiwe na kingo za wima. Kingo zilizopapaswa hadi kuwa nyembamba kama karatasi ndizo zinazokunjuka baada ya msimu mmoja. Ndani ya mstari chongeni kwa tindo dogo, si kwa nyundo kubwa, hadi vidole vipite nyuma ya nondo, milimita 20 hivi. Endeleeni kufuata urefu wa nondo mpaka mkute chuma kisafi, kisha muongeze sentimita 10. Kama kipimo kilionyesha chumvi ongezeni 20, kwa sababu kiraka kipya kwenye zege lenye chumvi huhamishia kutu pembezoni mwake. Mtaona pete ya kahawia ikizunguka kiraka kizuri. Vaeni barakoa na miwani, vumbi la grinda linakaa mapafuni.

Mgongoni na begani palipolia kopo msifanye yote haya. Lipu iliyoachana bila kutu hutolewa na kupigwa tena kwa mchanganyiko uleule nitakaoutaja.

Nondo msugueni hadi ang'ae, mwosheni kwa maji ya bomba, mwacheni akauke, na siku hiyohiyo mpakeni uji wa saruji uliochanganywa na gundi ya saruji ya maji, ile inayouzwa dukani kwa ajili ya lipu na sakafu. Rangi ya redi oksaidi iliyozoeleka kwenye mageti msiipake hapa. Ni ya mafuta na kiraka hakitamshika nondo. Na gundi nyeupe ya mbao msiitumie kabisa, ingawa mafundi wengi wanaipenda kwa bei yake. Ikiloa inalainika tena, kwa hiyo kiraka kinashikiliwa na kitu kinachoyeyuka kila masika.

Zege la zamani lilowesheni jana yake jioni, na tena alfajiri. Wakati wa kupiga kiraka liwe limeshiba maji lakini lisiwe linang'aa. Pakeni uji wa saruji na gundi, kisha wekeni kiraka kabla uji haujakauka. Ukishakauka umekuwa kizuizi, kwangueni mpake mwingine.

Mchanganyiko wa kiraka: kopo moja la saruji ya daraja la nguvu la 42.5, makopo mawili na nusu ya mchanga, maji kidogo zaidi ya nusu kopo. Utaonekana mkavu kwa fundi aliyezoea lipu, naye atataka kuongeza maji ili utelezeke. Msimkubalie. Tengenezeni donge mkononi: likikaa umbo lake bila kuacha maji kiganjani, ni sawa. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vijitundu ambavyo ndivyo njia ya hewa na chumvi. Maji yawe ya bomba. Mkionja chumvi ulimini, hayafai kukandia wala kumwagilia. Mchanga wa korongo wa huku ni mzuri, wa chembe kali za itale, lakini ule wa mwisho wa mafuriko una tope. Jazeni chupa sentimita 10 za mchanga, ongezeni maji, tikiseni na muiache saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi milimita 8, tafuteni mchanga mwingine au uoshwe. Chekecheni kwa wavu wa milimita 3.

Kandeni kidogo kidogo, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 45. Kiraka kisizidi milimita 15 kwa tabaka. La kwanza likwaruzwe kwa msumari na lingoje la pili siku inayofuata. Fanyeni kazi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Miezi mizuri ni Mei hadi Julai, mvua zimekatika na upepo mkali wa kuanzia Agosti haujaanza. Upepo ndio adui mkubwa Dodoma kuliko jua. Fundi huweka kivuli, akadhani amemaliza, kumbe hewa kavu inapita chini ya turubai na kufyonza maji yote. Funikeni kiraka kwa gunia lililoloa, juu yake nailoni iliyofungwa kwa kamba isipeperuke, na maji mara tatu kwa siku kwa siku saba. Hakuna mkato hapo. Nyufa za mgongoni zilizaliwa siku hizo hizo.

Mkono ulioinuliwa nitauzungumzia kwa urefu kidogo kwa sababu kosa lake limejengewa ndani. Kifundo cha mkono wa ukubwa huu kina kipenyo cha sentimita 6 hadi 7. Mara nyingi fundi huingiza nondo mbili za milimita 12 "ili mkono usivunjike", akazitenganisha ili zishike wavu. Kila nondo inabaki na saruji ya milimita 5 au 8 tu juu yake. Wingi wa chuma ndio uliouua mkono. Kifundo hicho kinataka nondo mmoja wa milimita 8 katikati kabisa. Pande zote atakuwa amefunikwa na karibu sentimita 3 za saruji.

Kwa hiyo chongeni mkono hadi kupita kiwiko. Nondo mpya alale sambamba na wa zamani kwa urefu usiopungua mara 40 ya kipenyo chake, yaani milimita 320, na wafungwe kwa waya wa kufungia katika sehemu nne. Ndio sababu ya kupita kiwiko, kwani kigasha peke yake hakitoshi kwa urefu huo. Kateni vipande vya zamani vilivyooza. Kwa vidole tumieni waya wa mabati wa milimita 3, kidole kimoja waya mmoja, uzamishwe sentimita 6 kwenye kiganja. Shaurianeni na mchongaji vidole vikae pamoja, visitanuke. Kidole kilichosimama peke yake kwenye bustani ya watoto hakina umri.

Maana watoto watapanda. Ng'oma iko urefu wa goti, ni ngazi iliyowekwa tayari, na mkono ulioinuliwa ni mahali pa kuning'inia. Watoto wawili wenye jumla ya kilo 80 wakibembea sentimita 80 kutoka begani wanavuta bega sawa na kilo 64 zilizoning'inizwa mita moja kutoka hapo, na wakirukaruka ni zaidi ya hapo. Uzio wa chuma chenye ncha siupendekezi. Mtu ataumia, na bustani itaonekana kituo cha umeme. Afadhali mkubali kwamba ng'oma ni kiti. Ujazeni uwazi kati ya ng'oma na mapaja ili iwe kitu kimoja kizito, zungusheni kingo za kitako kwa mviringo wa milimita 25, na mkono uinuliwe kwa pembe ambayo mtoto aliyesimama juu ya ng'oma haufikii. Mkiwa kwenye ng'oma, ngozi yake ifanyeni iwe na kifua katikati, sentimita moja juu kuliko ukingo, maji yatiririke. Mtazamaji hataona tofauti. Kwenye mikunjo ya kaniki inayotuamisha maji, fungueni mfereji wa upana wa kidole kufuata mstari wa kitambaa chenyewe.

Hapa mchongaji anahitajika, na si kwa ufundi peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua msanii kuwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa, hata kama sanamu ni mali ya mtaa. Kuziba ufa hakuna tatizo. Kubadili pembe ya mkono au sura bila kumuuliza kunaweza kuleta malalamiko. Mpelekeeni barua yenye picha na mchoro, apige saini. Na kwa kuwa kuna kuchimba na kumwaga zege kwenye eneo la wazi, barua nyingine ipite kwa mtendaji wa mtaa kwenda Halmashauri ya Jiji. Kama mtaa wenu ulipimwa enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017, majukumu yake ya ardhi yalihamia halmashauri, hivyo ramani ya bustani iulizwe huko.

Rangi ya dhahabu itoeni yote. Ni ya mafuta, na ya mafuta juu ya saruji mbichi huliwa na ualikali, inanata kwanza kisha inabanduka. Juu ya saruji kavu nayo inafungia unyevu ndani. Halafu unga wa shaba uliomo huchafuka na kuwa kahawia, mama wa watu akaonekana amemwagiwa chai. Tumieni dawa ya kutolea rangi na brashi ya nailoni. Grinda na msasa wa mashine vitakula nakshi.

Badala ya rangi, pakeni uji wa saruji uliotiwa oksaidi ya chuma nyekundu, rangi ya udongo wa huku. Oksaidi isizidi asilimia 5 ya uzito wa saruji, gramu 50 kwa kilo moja. Nyekundu, nyeusi na kahawia za oksaidi ya chuma hazipauki. Buluu na kijani cha bei ndogo hupauka. Jaribuni kwanza kwenye tofali, lisubiri siku saba likauke, kwani rangi mbichi hudanganya. Uji huo upakwe kwa brashi mara mbili, nao utafunga zile nyufa za wavu mgongoni bila lipu. Wanaotaka rangi ya kopo watumie ya maji ya akriliki ya nje, siku 28 baada ya kiraka cha mwisho, mkono wa kwanza ukiongezewa maji asilimia 10.

Kuhusu mifuko minne ya fundi: hesabu yake haiko mbali, isipokuwa ameiweka mahali pasipo pake. Viraka vyote vya mguu, mkono na ng'oma havifiki lita 15 za mchanganyiko, kilo 10 za saruji ni nyingi kwa kazi hiyo. Ongezeni kilo 10 za uji wa rangi na zilizobaki za mfuko huo kwa pembe ya kitako, itakapofika zamu yake. Miwili ni ya sakafu ya chini. Mfuko wa nne rudisheni pesa yake ikanunue gundi ya saruji, oksaidi, nailoni na siku mbili zaidi za fundi, kwa sababu kazi hii inakula muda kuliko saruji.

Oksaidi itakayobaki fungeni kwenye kopo lisiloingiza hewa, bandikeni karatasi yenye jina la bidhaa, uwiano mliotumia na saruji ya daraja gani, mlikabidhi ofisi ya mtaa. Kiraka kitakachofuata kikipakwa nyekundu ya kopo jingine kitaonekana toka barabarani.